Soma Kwanza, Shika Nyundo Baadaye

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima: Motokaa za Kimarekani za miaka ya 1950

Natumaini kila mmoja amekwisha kukaa, na karatasi ya somo iko mbele yake. Wanaosoma polepole wasione haya. Fuateni maneno yangu kwa kidole, na neno likiwashinda litieni alama, mkamwulize mwalimu wenu baada ya somo.

Leo tutazungumza habari za motokaa za Marekani zilizotengenezwa baina ya mwaka 1950 na mwaka 1959, na habari za watu wanaozifufua. Huenda mmoja wenu akauliza, "Sisi tunajifunza kusoma na kuandika. Motokaa kuukuu za Wamarekani zatuhusu nini?" Swali hilo ni zuri, na jibu lake ndilo somo lenyewe. Nataka kuwaonyesheni kwamba fundi mzuri wa motokaa hizo hushika kalamu na karatasi kabla hajashika nyundo. Asiyejua kulisoma gari la zamani hudanganywa mchana kweupe, na pengine hupanda chombo kitakachomwua.

Motokaa hizo ni zipi?

Mnamo mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, viwanda vya Marekani viliacha kutengeneza motokaa za raia. Vilitengeneza vifaru, ndege na malori ya jeshi. Vita vilipokwisha mwaka 1945, watu walikuwa na hamu kubwa ya magari mapya. Kazi zilikuwako, fedha zilikuwako, na barabara zilikuwa zikijengwa. Mwaka 1955 peke yake viwanda vya nchi ile vilitoa motokaa zaidi ya milioni 7. Makampuni makubwa yalikuwa matatu: General Motors, Ford na Chrysler, na yote yalikuwa na makao yao katika mji wa Detroit au karibu nao, katika jimbo la Michigan.

Makampuni hayo yalikuwa na desturi ya kubadili sura ya motokaa karibu kila mwaka, ili mwenye gari la mwaka uliopita aone kwamba gari lake limepitwa. Mkuu wa wachoraji wa General Motors aliitwa Harley Earl. Yeye na wachoraji wake walipendezwa na mkia wa ndege ya vita iliyoitwa P-38. Basi motokaa za Cadillac za mwaka 1948 zikawekewa mapezi mawili madogo nyuma, mfano wa mapezi ya samaki. Mapezi yale yakakua mwaka hata mwaka, na katika Cadillac za mwaka 1959 yakawa marefu sana, kila moja likiwa na taa mbili nyekundu zenye ncha. Motokaa za wakati ule zilikuwa pana, zenye rangi mbili, na zilijaa vyuma ving'aavyo mbele, nyuma na ubavuni.

Lakini bati lao halikukingwa vizuri na kutu. Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, wakati wa baridi, chumvi humwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu. Chumvi hiyo hula chuma. Kwa hiyo motokaa nyingi za miaka ile zilioza zikavunjwavunjwa, na chuma chake kikayeyushwa. Zile chache zilizobaki ndizo zinazotafutwa leo, na kwa kuwa zinatafutwa, zina bei. Na penye bei, ndugu zangu, hapakosi wajanja.

Kusoma bamba

Tuchukue mfano mmoja, motokaa ya Chevrolet ya mwaka 1957. Kampuni ilizitoa katika madaraja matatu. Daraja la chini liliitwa One-Fifty, la katikati Two-Ten, na la juu Bel Air. Umbo lao ni moja. Bel Air imepambwa zaidi kwa vyuma ving'aavyo na vitambaa vizuri vya viti. Leo Bel Air huuzwa kwa bei kubwa kuliko ndugu zake wawili.

Sasa fikirini. Mtu aweza kununua Two-Ten, akatafuta mapambo ya Bel Air, akayabandika, kisha akaipaka rangi mpya na kuiuza kwa bei ya Bel Air. Ukiitazama kwa macho tu hutajua. Lakini kiwanda kiliacha maandishi. Fungua mlango wa mbele wa kushoto, yaani mlango wa dereva, kwa maana huko usukani uko kushoto. Juu ya nguzo inayoshika bawaba za mlango utaona bamba dogo lenye herufi na tarakimu. Andikeni mfano huu katika madaftari yenu:

VC57S123456

Haya, tuusome pamoja, kipande kwa kipande.

Herufi V yasema kwamba motokaa hii ilitoka kiwandani na injini ya silinda nane. Ikiwa hakuna V mwanzoni, ilitoka na injini ya silinda sita.

Herufi C yasema kwamba ni Bel Air. Kama ingekuwa Two-Ten ingeandikwa B, na kama ingekuwa One-Fifty ingeandikwa A.

Tarakimu 57 ni mwaka, yaani 1957.

Herufi S ni mji wa kiwanda kilichoiunganisha. S ni St. Louis, katika jimbo la Missouri. Kama ingekuwa imeunganishwa Los Angeles ingeandikwa L.

Tarakimu sita za mwisho ni namba ya gari lenyewe katika kiwanda kile. Kila gari lilipewa namba yake.

Mmeona? Kwa herufi tatu na tarakimu nane tumejua daraja, injini, mwaka, mji na zamu ya gari. Sasa mtu akikuletea motokaa yenye mapambo ya Bel Air na injini ya silinda nane, na bamba lake limeandikwa B57S, huna haja ya kugombana naye. Mwonyeshe bamba. Ilizaliwa Two-Ten, na ilizaliwa na silinda sita. Si vibaya kuinunua, maana huenda ikawa motokaa nzuri. Lakini uinunue kwa jina lake na kwa bei yake.

Liko bamba la pili, ndani ya chumba cha injini, kwenye ukuta unaotenga injini na abiria. Hilo laonyesha kwa namba rangi ya kwanza ya gari na aina ya kitambaa cha viti. Fundi akilisoma ataijua rangi ya asili, hata kama gari limepakwa rangi nyingine mara tano tangu siku hiyo.

Mjanja mkubwa zaidi aweza kung'oa bamba na kubandika la gari jingine. Jambo hilo ni kosa kwa sheria ya Marekani. Kwa hiyo mnunuzi mwenye akili hulinganisha namba ya bamba na namba iliyoandikwa katika hati ya gari, tarakimu kwa tarakimu, na hutazama kama bamba lina dalili ya kuguswa.

Kusoma bati

Baada ya maandishi, fundi husoma bati. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Motokaa iliyopakwa rangi jana yaweza kung'aa kama kioo, na chini ya rangi hiyo hamna bati bali puti tupu. Mtu aliyeona tundu la kutu alilijaza puti, akapiga msasa, akapaka rangi. Puti hainyanyui mzigo wala haizuii kutu. Kutu huendelea kula kimyakimya, na baada ya miaka michache rangi huvimba, kisha hupasuka.

Chombo cha kusomea bati ni rahisi. Chukua sumaku ndogo, uifunge katika kitambaa laini isije ikakwaruza rangi. Ipitishe juu ya bodi polepole. Penye bati jembamba na rangi tu, sumaku hushika. Penye puti nyingi, sumaku huachia. Sehemu za kupimwa kwanza ni chini ya milango, ncha za chini za madigadi, sakafu chini ya mazulia, na sakafu ya buti. Hapo maji hutuama.

Kisha fundi hulala chini na kuitazama chasisi. Chevrolet ya mwaka 1957 ina chasisi ya chuma iliyo mbali na bodi, yaani bodi imekaa juu yake na kufungwa kwa bolti. Chasisi ikiwa imeoza, motokaa nzima haina mgongo. Hapo fundi mwaminifu humwambia mwenye gari ukweli, hata kama ukweli huo utamkosesha kazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika motokaa ukuta huo una bei kubwa kuliko gari lenyewe.

Kufungua na kufunga

Sasa kazi yenyewe. Wenye kufufua gari kwa ukamilifu huinua bodi kutoka juu ya chasisi na kufungua kila kitu, hata skrubu ya mwisho. Kufungua ni kwepesi. Mtu wa nguvu aweza kufungua motokaa nzima kwa majuma machache. Kufunga ndiko kunakowashinda wengi, na sababu kubwa si ukosefu wa nguvu wala wa spana. Sababu ni kwamba hawakuandika. Baada ya mwaka mmoja wana ndoo tatu za bolti na nati, na hawajui ipi ni ya wapi. Magari mengi ya zamani huuzwa yakiwa vipandevipande kwa sababu hiyo.

Mali bila daftari huisha bila habari. Fundi mwenye daftari hufanya hivi. Kabla ya kufungua kitu hupiga picha. Bolti za kila kitu huziweka katika mfuko wake, na juu ya mfuko huandika jina la kitu, upande wa kulia au wa kushoto, na tarehe. Waya za umeme huzifunga kipande cha karatasi kila moja, chenye maneno ya mahali ilipotoka. Na pembeni mwake huweka kitabu cha fundi. Makampuni yalichapa vitabu vya namna hiyo kwa kila mwaka wa gari, na vingi vimechapwa tena. Kitabu husema bolti hii ikazwe kwa nguvu kiasi gani, na nafasi kati ya kifaa na kifaa iwe ndogo kiasi gani. Asiyesoma hukisia. Bolti ya kichwa cha injini haipendi kukisiwa.

Bati lililooza hukatwa, na bati jipya huchomelewa mahali pake. Kwa motokaa zinazopendwa sana, kama Chevrolet za mwaka 1955 hata 1957, viko viwanda vinavyotengeneza vipande vipya vya bati kwa umbo lilelile, na hata bodi nzima. Kisha hupakwa rangi ya kwanza ya kukinga kutu, hupigwa msasa, hupakwa tena, hupigwa msasa tena. Bampa na mapambo hupelekwa kwa mafundi wa kromu. Chuma husafishwa, hutiwa shaba, juu ya shaba nikeli, na juu ya nikeli kromu nyembamba mno. Ule mng'ao mnaouona hutegemea sana usafi wa tabaka za chini. Kama chini pana mashimo, kromu huyaonyesha yote.

Hapa nataka msome polepole, maana ni habari ya uhai. Kitambaa cha breki cha motokaa za zamani mara nyingi kilitengenezwa kwa asbesto. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta maradhi yasiyopona, pengine baada ya miaka mingi. Kwa hiyo vumbi la ndani ya breki halipulizwi kwa mdomo wala kwa pampu, wala halifagiliwi kavu. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi, yaani madini ya risasi, ambayo ni sumu. Anayepiga msasa rangi ya namna hiyo yampasa kuzuia vumbi, kuvaa kinga ifaayo puani na mdomoni, kunawa kabla ya kula, na kuwaweka watoto mbali.

Jambo la pili la uhai ni breki zenyewe. Katika motokaa hizo mafuta ya breki ya magurudumu yote manne husukumwa kutoka chumba kimoja. Mrija mmoja ukipasuka, breki za magurudumu yote manne hupotea pamoja, na gari lina uzito wa kiasi cha tani moja na nusu. Motokaa za baadaye zina vyumba viwili, kimoja kikiharibika kingine kisaidie. Tena motokaa nyingi za miaka ile hazikuwa na mikanda ya viti.

Kuirudisha au kuigeuza?

Hapo ndipo swali gumu linapozaliwa. Je, fundi aweke breki za vyumba viwili na mikanda, gari liwe salama kuliko lilivyokuwa? Au aliache kama kiwanda kilivyoliacha? Wapenzi wa motokaa wamegawanyika katika jambo hili tangu zamani, na kila upande una hoja.

Upande wa kwanza hutaka gari lirudi lilivyokuwa. Kiko chama kiitwacho Antique Automobile Club of America, kilichoanzishwa mwaka 1935. Hupokea magari yenye umri wa miaka 25 au zaidi. Mkutano wake mkubwa hufanyika kila Oktoba katika mji wa Hershey, jimbo la Pennsylvania, tangu mwaka 1955. Huko watu huuza na kununua spea za zamani katika viwanja vikubwa, na magari husimamishwa mbele ya waamuzi.

Waamuzi hao huja na karatasi na kalamu. Gari huanza na alama 400, na kila kosa hupunguza alama. Bolti si ya aina yake, alama hupungua. Rangi si ya kiwanda, alama hupungua. Kipimo chao ni hali ambayo gari lingekuwa nayo siku lilipokabidhiwa kwa mnunuzi wake wa kwanza. Na sikilizeni jambo la ajabu: mtu aliyeling'arisha gari kuliko kiwanda kilivyofanya haongezewi alama hata moja. Kipimo ni ukweli.

Tena chama hicho kina tuzo mbali kwa magari ambayo hayakufufuliwa kamwe, yaliyobaki na rangi yao ya kwanza, hata kama imepauka na kupasuka kidogo. Kwa nini? Kwa sababu gari huwa la asili mara moja tu. Ukikwangua rangi ya kiwanda, hakuna fundi duniani awezaye kuirudisha. Aweza kupaka nyingine ifananayo nayo. Kwa hiyo pengine kazi bora ya fundi ni kuzuia mkono wake.

Upande wa pili husema, gari ni langu, nitalifanya nipendavyo. Mchezo huo ulistawi sana huko California baada ya vita. Vijana waliokosa fedha za kununua motokaa mpya walinunua zilizotumika, wakazigeuza. Walikata nguzo za paa ili paa liwe chini. Waliondoa vipini vya milango na mapambo, wakaziba matundu. Wao huita kazi hiyo kunyoa. Walizamisha taa ndani ya madigadi. Siku zile waliziba viungo kwa risasi iliyoyeyushwa, na kazi hiyo ilitaka mkono mtulivu. Mwaka 1950 maonyesho ya magari ya namna hiyo yalifanyika mjini Oakland, na yanaendelea mpaka leo mahali pengine katika jimbo lilelile.

Katika mafundi wa California walikuwako ndugu wawili, Sam na George Barris. Mwaka 1952 waliigeuza Mercury ya mwaka 1951 ya kijana aitwaye Bob Hirohata, Mmarekani wa asili ya Kijapani. Walishusha paa, wakaondoa nguzo za katikati ya madirisha, wakaipaka rangi mbili za kijani, nyepesi juu na nzito chini. Gari lile likawa maarufu. Lakini mitindo hupita. Mwaka 1959 kijana mwingine, Jim McNiel, alilinunua kwa dola 500 tu, likiwa gari la kuendea na kurudi. Alikaa nalo kwa muda wote uliobaki wa maisha yake, na baada ya miaka mingi akalifufua.

Sasa, wanafunzi wangu, nawauliza ninyi. Alipolifufua, alirudishe wapi? Alirudishe kuwa Mercury ya kiwanda ya mwaka 1951? Au liwe kama lilivyotoka mikononi mwa ndugu Barris? Bamba la kiwanda lingemjibu neno moja, na historia ya gari lingine. McNiel alilirudisha katika hali ya kazi ya Barris, ile rangi ya kijani na lile paa lililokatwa. Mwezi wa Januari mwaka 2022 gari hilo liliuzwa mnadani katika jimbo la Florida kwa karibu dola milioni 2.

Mimi naona alifanya haki. Kulikuwako Mercury nyingi za kiwanda, lakini lile lilikuwa moja. Kilichoharibu asili yake mwaka 1952 ndicho kilichokuwa asili yake mpya. Lakini haifuati kwamba kila anayekata paa huzaa kitu cha thamani. Magari mengi yaliharibiwa na watu waliokata kabla ya kufikiri, na bati likikwisha kukatwa halijutii kwa niaba yako. Ndiyo maana nasema, soma kwanza. Jua ulicho nacho, uandike, kisha uchague.

Wasiochagua

Wako na watu wa upande wa tatu, ambao hawakuwa na nafasi ya kuchagua. Nawataja wa kisiwa cha Kuba. Kabla ya mwaka 1959 Kuba ilinunua motokaa nyingi kutoka Marekani. Mwaka huo yalitokea mapinduzi, na kufikia mwaka 1962 Marekani ilikuwa imekataza biashara yote na kisiwa hicho. Motokaa mpya zikakoma, na spea zikakoma. Tena kwa sheria ya Kuba, mpaka mwaka 2011, motokaa ambazo raia waliweza kuuziana kwa uhuru zilikuwa zile zilizokuwako nchini kabla ya mapinduzi.

Basi mafundi wa Havana walizifanyia kazi za mikono. Injini ilipokufa waliweka ya dizeli iliyotoka katika gari jingine. Kifaa kilichokosekana walikitengeneza wenyewe. Motokaa nyingi za namna hiyo zimebeba abiria kama teksi mpaka katika karne hii. Mwamuzi wa Hershey akiliona gari la Havana atapunguza alama mpaka wino umwishie. Lakini gari lile lililisha watu nyumbani. Mwenye kulihukumu yampasa asome pia maisha ya aliyelitengeneza.

Kazi ya nyumbani

Sasa nataka mfanye jambo moja kabla ya somo lijalo. Nyumbani kwenu tafuteni kitu chenye namba ya kiwanda. Baiskeli ina namba iliyopigwa katika fremu, mara nyingi chini ya tandiko au penye pedali. Cherehani ina namba yake. Redio ina karatasi au bamba nyuma. Inakilini namba hiyo katika daftari, herufi kwa herufi, na chini yake mwandike ni kitu gani, mmekipata lini na kwa nani. Siku kikiibiwa, au mtu akidai kuwa ni chake, daftari hilo litasema kwa niaba yenu. Na siku mtakapouziwa kitu cha mtu mwingine, muulize namba kabla ya kutoa fedha, na muisome wenyewe. Msikubali kusomewa na muuzaji.

Nawatakieni kazi njema. Kwaherini.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Bamba la Chevrolet limeandikwa A57L, kisha namba. Gari hilo ni la daraja gani? Liliunganishwa mji gani? Lilitoka na injini ya silinda ngapi?
2. Kwa nini sumaku huachia penye puti nyingi?
3. Kwa nini vumbi la breki za zamani halipulizwi?
4. Kama motokaa ya mwaka 1957 ingekuwa yako, na watoto wako wangepanda, je, ungebadilisha breki zake? Toa sababu.
5. Je, McNiel alifanya vema kutolirudisha gari lake kama lilivyotoka kiwandani? Wanaokubali na wanaokataa wajibizane kwa adabu.